Mngurumo wa Spika Hautibiwi kwa Kukata Waya wa Ethi

Ni nadra siku hizi kukuta katika nyumba ya askari au ya polisi vyombo vya muziki vilivyonunuliwa vyote kwa siku moja. Aghalabu hukusanywa kidogo kidogo. Amplifaya imenunuliwa kwa mwenzake aliyestaafu, spika zimetoka mjini, miksa imebaki baada ya kwaya kupata nyingine mpya, na simu ya mkononi imechukua nafasi ya sahani za santuri na kanda za kaseti. Kila kimoja kilitengenezwa na kiwanda chake, kwa kazi yake. Vikikutanishwa juu ya meza moja, jambo la kwanza kusikika si muziki bali ni mngurumo, sauti nene isiyokatika, kama ya nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi.

Mngurumo huo una sababu zake zinazoeleweka, na una dawa yake. Kwa bahati mbaya iko dawa ya uongo ambayo watu hufundishana nyumba kwa nyumba. Plagi ya amplifaya hufunguliwa, ule waya wenye rangi ya kijani na manjano hukatwa, kisha plagi hufungwa kama ilivyokuwa. Mngurumo hunyamaza papo hapo, mwenye nyumba hufurahi, na jirani huja kujifunza. Wala hakuna anayetambua kwamba aliyeondolewa hapo ni mlinzi aliyekuwa zamu.

Yafaa ifahamike kwanza mlinzi huyo analinda nini. Umeme wa nyumbani nchini Uganda ni wa volti 240, nao hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika plagi ya miguu mitatu inayotumika nchini, miguu miwili ndiyo inayopeleka na kurudisha umeme. Mguu wa tatu, ule mrefu kuliko wenzake, ni wa ethi. Huo haupeleki umeme wowote wakati mambo ni salama. Umefungwa kwenye mwili wa chuma wa amplifaya upande mmoja, na upande wa pili unakwenda ardhini. Waya wa umeme ukilegea ndani ya amplifaya, au ngozi yake ikiungua, ukagusa chuma cha nje, umeme mwingi hukimbilia ardhini kwa njia ya ethi, fyuzi hukatika, na chombo huzimika. Mwenye nyumba hukasirika kwa kuharibikiwa na chombo, lakini watu wake wote ni wazima.

Ethi ikiwa imekatwa, fyuzi haitakatika. Chuma cha amplifaya kitakaa na volti 240 kikisubiri mkono. Wala haitakuwa lazima usiku wa sherehe, wakati mwenyewe aliyekata yupo na anakumbuka alichofanya. Yumkini itakuwa miezi sita baadaye, asubuhi moja, yeye akiwa kazini mbali na nyumbani, na mkewe amepiga deki na sasa anafuta vumbi juu ya amplifaya kwa kitambaa chenye maji, miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa. Mke huyo hana habari yoyote ya waya uliokatwa. Kwa nje plagi ina miguu yake mitatu kama plagi nyingine yoyote.

Hayo si maneno ya kuogofya watoto. Mnamo tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea, nchini Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alishika maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa huku gitaa lake la umeme likiwa mwilini. Alikufa mbele ya wasikilizaji. Mwezi wa Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Yardbirds ya Uingereza, aliuawa na umeme akipiga gitaa ambalo ethi yake haikuwa sawa. Yeye hakuwa jukwaani, bali nyumbani kwake. Watu hao wawili kazi yao ilikuwa ni muziki, na vyombo vya umeme walivishika kila siku.

Jambo linaloongeza hatari katika vyombo vya muziki, kupita pasi au jiko la umeme, ni kwamba vyombo hivyo hufungwa pamoja. Waya mwembamba wa muziki unaotoka kwenye miksa hadi kwenye amplifaya umeunganisha pia mwili wa chuma wa miksa na ule wa amplifaya. Kwa hiyo ubovu uliozaliwa ndani ya amplifaya iliyokatwa ethi unaweza kutembea kwenye waya huo, ukapita katika miksa, ukafika kwenye maikrofoni iliyo mkononi mwa binti anayemwimbia shangazi yake siku ya arusi.

Maadamu ethi haikatwi, swali linabaki pale pale: mngurumo unatoka wapi, na utaondolewaje? Jibu limo katika namna mbili za kuunganisha vyombo vya muziki, ambazo kwa nje zinafanana lakini kwa ndani ni tofauti. Moja inaweza kuitwa njia isiyo na mizani, na ya pili njia yenye mizani.

Njia isiyo na mizani ndiyo iliyoenea majumbani. Ni waya mmoja wa katikati unaochukua muziki, na juu yake nyuzi za shaba zilizosukwa kama wavu kuuzunguka. Plagi yake ni ile ndogo yenye ncha moja katikati na duara la chuma pembeni, ambayo huitwa RCA kwa sababu ilianzishwa na kampuni ya Marekani ya Radio Corporation of America katika miaka ya 1930, ili kuunganisha gramafoni na redio. Ni njia rahisi na ya bei nafuu, na kwa waya mfupi wa mita moja au mbili hufanya kazi vizuri kabisa. Kasoro yake ni kwamba wavu umepewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza ni ngao ya kuzuia kelele za nje, na pili ndiyo njia ya kurudia ya muziki wenyewe.

Kazi hizo mbili hugombana pale vyombo viwili vyenye ethi vinapochomekwa katika soketi mbili tofauti. Ethi ya soketi moja na ethi ya nyingine hazilingani kabisa. Hutofautiana kwa kiasi kidogo sana cha volti, nacho hutosha kusukuma umeme kidogo uzunguke kutoka chombo hadi chombo kwa kupitia wavu ule, na kurudi kwa kupitia ethi za ukutani. Tuseme umeme huo ni miliampea 10 tu, na wavu pamoja na plagi zake una ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya ohm. Hapo milivolti 1 ya mngurumo inaongezwa juu ya muziki. Muziki wenyewe katika vyombo vya nyumbani ni wa kiasi cha milivolti 316. Sehemu moja kwa mia tatu na kitu inaonekana kuwa si kitu, lakini sikio la binadamu ni jepesi. Usiku watu wakiwa wametulia, kabla wimbo haujaanza, milivolti hiyo moja husikika waziwazi.

Sasa inaeleweka kwa nini kukata ethi hunyamazisha mngurumo. Mzunguko ule umekatwa. Lakini ungeweza kukatwa mahali pengine pasipo na hatari kwa mtu yeyote.

Njia yenye mizani haikubuniwa na watu wa muziki, bali na watu wa simu. Simu za kwanza zilitumia waya mmoja tu juu ya nguzo, na ardhi yenyewe ikawa njia ya kurudia. Kelele za simu za maandishi, na baadaye za tramu za umeme, zikawa zinaingia katika mazungumzo hata watu wasisikilizane. Mnamo 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, bila kuitegemea ardhi. Mpaka leo maikrofoni za redio na za kumbi hutumia wazo hilo hilo.

Namna linavyofanya kazi inaweza kufahamika kwa mfano wa askari wawili waliotumwa na ujumbe, wakitembea bega kwa bega katika mvua. Mvua huwanyeshea wote wawili sawasawa. Anayewapokea hapimi wamelowa kiasi gani, bali hutazama tofauti iliyopo kati yao, na tofauti hiyo ndiyo ujumbe. Kelele inayoingia njiani huziingia nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja, na chombo kinachopokea hutoa moja katika nyingine, kelele ikafutika, muziki ukabaki. Wavu upo pia, lakini sasa una kazi moja tu ya kuwa ngao. Umeme wa ethi ukipita ndani yake haukutani na muziki.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengi hulikosea. Hudhani kwamba mizani ni kule kuwa na muziki sawa katika nyaya zote mbili, mmoja ukienda juu na mwingine chini. Sivyo. Mizani ni ya ukinzani. Kila waya uwe na ukinzani ule ule kuelekea ardhini kama mwenzake, ili mvua iwanyeshee sawasawa. Waya wa pili unaweza hata usichukue muziki wowote, na mizani ikawa kamili. Ni kwa sababu hiyo chombo cha nyumbani kisicho na mizani kinaweza kuunganishwa na chenye mizani kikanufaika nayo, kama waya wenyewe umetengenezwa inavyostahili.

Plagi ya njia yenye mizani ni ile nene ya duara yenye miguu mitatu, inayojulikana kwa jina la XLR, na ambayo watu wengi duniani huiita Cannon kwa kufuata jina la kampuni iliyoitengeneza huko Los Angeles. Miguu yake imeandikwa namba. Namba 1 ni wavu, namba 2 ni waya wa kwanza, na namba 3 ni waya wa pili. Mpango huo ulithibitishwa mwaka 1992 na chama cha kimataifa cha wahandisi wa sauti. Kabla ya hapo viwanda vingine viligeuza 2 na 3, kwa hiyo mwenye miksa ya zamani asishangae akiona kitabu chake kinasema kinyume. Iko pia jeki nene ya milimita 6.35 yenye mistari miwili myeusi shingoni. Ncha yake ni waya wa kwanza, pete yake ni waya wa pili, na mwili wake ni wavu. Lakini jeki ya umbo hilo hilo hutumika kwa spika za masikioni, ambapo ncha ni upande wa kushoto na pete ni upande wa kulia. Kwa macho hazitofautiki. Ni lazima kusoma maandishi yaliyo juu ya tundu linalochomekwa.

Kabla ya kununua chochote inafaa kutafuta mngurumo unaingilia wapi. Vyombo vyote vizimwe, nyaya zote za muziki zichomolewe kwenye amplifaya, zibaki za spika peke yake. Amplifaya ikiwashwa hivyo na bado inanguruma, ugonjwa umo ndani yake, aghalabu ni kapasita zilizozeeka, na kazi hiyo ni ya fundi. Ikiwa kimya, izimwe, kirudishwe chombo kimoja, isikilizwe tena, kisha cha pili, na kuendelea, mpaka mkosaji ajulikane. Mara nyingi ajabu ni kwamba mkosaji ni televisheni, na si televisheni yenyewe bali waya wa antena au wa dishi la juu ya paa, unaoleta ethi nyingine kutoka nje. Uchomolewe huo kwa dakika moja. Kama mngurumo umekwisha, jawabu limepatikana bila bisibisi.

Dawa ya kwanza ni rahisi kuliko zote, nayo ni kuvichomeka vyombo vyote vya muziki katika ekstensheni moja nzuri yenye ethi, iliyochomekwa katika soketi moja ya ukutani. Ethi zao zikikutana mahali pamoja, tofauti ya volti kati yao hupungua sana. Vyombo vya muziki havitumii umeme mwingi, na ekstensheni ya kawaida huvimudu. Pasi na birika la umeme visichomekwe hapo.

Ikiwa bado mngurumo upo, na kinachounganishwa ni chombo cha nyumbani chenye RCA kwenda kwenye miksa au spika yenye XLR, makosa aghalabu yamo katika waya. Madukani huuzwa vijiplagi vya kugeuza RCA kuwa XLR, na ndani yake mguu namba 1 na namba 3 vimeunganishwa. Kijiplagi kama hicho hutupa faida yote ya mizani. Chombo chenye mizani hugeuzwa kuwa kisicho nayo, na wavu hurudi kufanya zile kazi zake mbili.

Ifaavyo ni kununua waya wa maikrofoni, wenye nyaya mbili za ndani pamoja na wavu, na kuulehemu hivi. Upande wa RCA, waya mmoja, tuseme mwekundu, ulehemiwe kwenye ncha ya katikati. Waya wa pili, tuseme mweusi, ulehemiwe kwenye duara la nje, na wavu nao ulehemiwe hapo hapo pamoja nao. Upande wa XLR, mwekundu uende namba 2, mweusi namba 3, na wavu namba 1. Tofauti na kijiplagi cha dukani ni ndogo kwa kuitazama, lakini si ndogo kwa kuisikiliza. Umeme wa ethi sasa unapita katika wavu peke yake. Waya mweusi hauubebi, bali kazi yake ni kumweleza anayepokea hali ilivyo kule kwenye duara la RCA. Anayepokea hutoa kimoja katika kingine, na mngurumo hupungua sana, pengine usisikike kabisa. Kwa kazi hiyo ya kulehemu ya nusu saa, hakuna plagi ya umeme iliyofunguliwa.

Upande wa kinyume, yaani kutoka XLR ya miksa kwenda RCA ya amplifaya ya nyumbani, una mtego mmoja. Vyombo havifanani katika namna vinavyotoa muziki kwenye mguu namba 3. Vingine vina transfoma ndani, na hivyo namba 3 hapana budi iunganishwe na namba 1, la sivyo sauti itatoka nyembamba na dhaifu. Vingine vina amplifaya ndogo nyuma ya kila mguu, na kuunganisha namba 3 na namba 1 ni kuiziba mdomo amplifaya hiyo. Itapata moto, na muziki unaweza kuharibika hata kwenye mguu wa pili. Kitabu cha chombo ndicho kinachosema. Kama kitabu kimepotea, ni salama kuanza kwa kuacha namba 3 wazi bila kuunganishwa na kitu, namba 2 ikaenda kwenye ncha ya RCA na namba 1 kwenye duara lake. Sauti ikiwa kamili, kazi imekwisha. Ikiwa nyembamba isiyo na besi, basi ndani mna transfoma, na hapo namba 3 iunganishwe na namba 1.

Katika upande huu anayepokea hana mizani, na waya pekee hauwezi kumpa. Kwa hiyo mngurumo ukikaidi, dawa yake ni transfoma ya kutenganisha, kijisanduku kidogo ambacho muziki huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili kwa nguvu ya sumaku, bila shaba ya upande huu kugusana na ile ya upande wa pili. Mzunguko wa ethi hukatika hapo, mahali penye muziki wa volti moja au chini yake, wala si kwenye plagi yenye volti 240. Kiwekwe karibu na chombo kinachopokea, na waya wa kutoka hapo uwe mfupi. Vya bei rahisi sana hupunguza besi, kwa hiyo ni vizuri kukisikiliza kabla ya kulipa.

Lipo kosa jingine ambalo halileti mngurumo wala hatari, lakini limekwisha kuharibu sherehe nyingi. Siku ya arusi kijana huleta muziki ndani ya simu. Katika kapu la nyaya unapatikana mmoja wenye jeki ndogo ya simu upande huu na XLR moja upande ule, na unaonekana kana kwamba umeumbwa kwa kazi hiyo. Muziki unawashwa, magitaa yanasikika kwa mbali, mwangwi unasikika, lakini mwimbaji hayupo. Watu huilaumu simu, kisha huulaumu wimbo wenyewe. Hali simu haina kosa. Jeki yake imepeleka muziki wa kushoto katika mguu namba 2 na wa kulia katika namba 3, na miksa, kama ilivyoagizwa na waliyoibuni, imetoa kimoja katika kingine. Mwimbaji hurekodiwa katikati, yaani sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo amefutwa kama vile kelele inavyofutwa. Besi na ngoma kubwa, ambazo nazo huwekwa katikati, zimekwenda naye. Kinachotakiwa ni waya unaogawanya kushoto na kulia, kila upande uingie katika njia yake ya miksa. Ikiwa njia iliyobaki ni moja tu, fundi aweke rizista ya ohm 470 kwa kila upande kabla ya kuzikutanisha katika namba 2. Kuzikutanisha bila rizista hulazimisha upande mmoja wa simu kupigana na mwenzake.

Kabla simu haijachomekwa kwenye tundu la XLR, itazamwe pia swichi ya miksa iliyoandikwa 48 V. Swichi hiyo hupeleka volti 48 katika mguu namba 2 na namba 3 kwa ajili ya maikrofoni zinazohitaji umeme. Desturi hiyo ilianza mwaka 1966, kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipolitengenezea vyombo shirika la utangazaji la Norway, ambalo lilikwisha kuwa na umeme wa volti 48 kwa taa zake za dharura. Maikrofoni ya kawaida yenye mizani haidhuriki, kwa kuwa miguu yote miwili ina volti zile zile. Simu, kompyuta au redio isiyo na mizani haina kinga hiyo, na inaweza kuharibika sehemu ya kutolea sauti. Katika miksa nyingi ndogo swichi ni moja kwa njia zote, kwa hiyo anayeiwasha kwa ajili ya maikrofoni ya mwimbaji ameiwasha pia kwa simu ya jirani.

Kuhusu ukubwa wa sauti maneno ni machache. Vyombo vya kazi hutoa muziki wa kiasi cha volti 1.23, na vya nyumbani volti 0.316, yaani karibu robo yake. Chombo cha kazi kikipeleka katika cha nyumbani, kipunguzwe kwenye miksa, la sivyo muziki utakwaruza. Kinyume chake, kiongezwe kwa kiasi.

Imebaki kusema juu ya nyumba ambayo ethi ilikwisha kukatwa zamani, pengine na mtu aliyehamishwa kituo. Plagi za vyombo vyote vya chuma zichomolewe ukutani na kufunguliwa moja moja. Waya wa kahawia uwe upande wenye fyuzi, wa buluu upande wa pili, na wa kijani na manjano uwe umekazwa kwenye mguu mrefu. Katika nyaya za zamani sana rangi zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Plagi za kiwandani zisizofunguka hupimwa na fundi kwa mita, kutoka mguu mrefu hadi chuma cha chombo. Ekstensheni nayo ipimwe, kwa kuwa zipo zinazouzwa zikiwa na matundu matatu juu na nyaya mbili tu ndani. Chombo chenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kisitiliwe shaka. Hicho kilitengenezwa kwa ngozi mbili za kuzuia umeme, na nyaya zake mbili zinatosha. Na kama sherehe inaendeshwa kwa jenereta uwanjani, vyombo vyote vya muziki vichomekwe kwenye ekstensheni moja inayotoka kwenye jenereta hiyo. Kisitokee kimoja kikaburuziwa umeme kutoka nyumba ya jirani, hata kama waya wake umefika.